Ukisikia Maprograma Wanacheka, Uliza Kuna Nini

Kila kiangazi kikifika, baadhi yetu tunaosoma kompyuta hapa Uingereza tunaingia maofisini kwa mara ya kwanza. Wengine ni kwa miezi mitatu, wengine ni mwaka mzima wa mafunzo kazini. Kwa usaili tunajiandaa vizuri sana: CV inapitiwa mara kumi, suti inaazimwa, maswali ya algoriti yanakaririwa usiku na mchana. Jambo moja tu hatujiandai nalo, nalo ni utani wa hao tunaokwenda kufanya nao kazi.

Unafika siku ya kwanza, mtu anasema, "Kwenye mashine yangu inafanya kazi," na chumba kizima kinavunjika mbavu. Wewe nawe unacheka, kwani usipocheka utaonekana mgeni. Mwingine anaweka bata wa mpira juu ya meza na kuongea naye, na hakuna anayeshangaa. Ijumaa mchana unasema kazi yako imekwisha, unataka kuirusha hewani, watu wanakutazama kama umetaja jina la jini.

Sasa, kwetu tunajua kwamba utani si mchezo tu. Mchaga na Mpare wanataniana mpaka msibani, na mtani anaruhusiwa kusema lile ambalo wafiwa hawawezi kulisema. Ofisi za programu nazo ziko hivyo hivyo. Vichekesho vyao vingi ni ajali zilizokwisha kutokea mahali fulani, zimefupishwa ili zisisahaulike. Mgeni anayecheka bila kuelewa anakosa somo lenyewe, na mara nyingi ndiye atakayeirudia ajali. Basi tuvifungue vichache tuone vina nini ndani.

MDUDU NA NONDO

Kosa ndani ya programu linaitwa mdudu. Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa kompyuta ya Mark II huko Harvard, Marekani, walimkuta nondo amenasa ndani ya swichi ya mashine. Nondo yule wa kuruka, si zile nondo za zege. Walimbandika kwa utepe kwenye daftari la kazi, wakaandika kando yake kwamba hiki ndicho kisa cha kwanza cha mdudu wa kweli kupatikana. Grace Hopper, aliyekuwa akifanya kazi na mashine hiyo, alikisimulia kisa hiki miaka mingi, na daftari pamoja na nondo wake limehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian.

Wengi watakuambia neno "mdudu" lilianzia hapo. Sivyo. Thomas Edison alikuwa analitumia kwenye barua zake tangu 1878, akimaanisha hitilafu ndogo ndogo za mitambo. Mafundi wa Harvard walicheka kwa sababu neno lilikuwepo tayari, na safari hii mdudu alikuwa na mabawa. Lakini tazama walichofanya: waliandika saa, waliandika sehemu, wakaweka na ushahidi. Tabia hiyo ipo mpaka leo. Ukiona kosa kazini usilitaje tu kwa mdomo kwenye korido. Liandike: ulifanya nini, ulitegemea nini, ukapata nini badala yake.

KWENYE MASHINE YANGU INAFANYA KAZI

Hiki ndicho kichekesho kikuu cha kazi hii. Mjaribu programu analalamika kwamba kitu hakifanyi kazi. Aliyeandika anafungua kompyuta yake, anaona kinafanya kazi, anajibu hivyo hivyo na kurudi kwenye chai yake. Ndipo wenzake wanamtania: "Sawa bwana, basi tuifunge mashine yako kwenye boksi tumpelekee mteja."

Somo lake ni kwamba programu haiishi peke yake. Inategemea toleo la mfumo, lugha iliyochaguliwa, saa za nchi, hata namna ya kuandika tarehe. Andika 03/04 hapa Uingereza, ni tarehe 3 Aprili. Ivushe kwenda Marekani, ni tarehe 4 Machi. Kila upande uko sahihi, na mteja amekosa ndege.

Ajali kubwa ya namna hii ilitokea mwaka 1999. Chombo cha NASA kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilikuwa kinafika sayari ya Mars baada ya safari ya miezi tisa. Programu ya kampuni iliyokitengeneza ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya ratili, na programu ya NASA ikazipokea kana kwamba ni vipimo vya metriki, yaani nyutoni. Tarehe 23 Septemba chombo kilipita karibu mno na sayari, kikapotea. Kila programu, ukiitazama peke yake, ilikuwa inafanya kazi kwenye mashine yake.

KUHESABU, NA MWIKO WA IJUMAA

Mpe programa vikombe vitatu avihesabu, atakwambia: sifuri, moja, mbili. Lugha nyingi za kompyuta zinaanza kuhesabu na sifuri, na hapo ndipo watu wanapopotea kwa moja. Kuna msemo wa Phil Karlton kwamba kazi hii ina mambo mawili tu magumu: kuvipa vitu majina, na kujua ni lini data iliyowekwa pembeni kwa muda imechakaa. Watani wakaongezea: "Mambo ni mawili tu, kuvipa vitu majina, data iliyochakaa, na kukosea hesabu kwa moja." Rudi uyahesabu.

Kichekesho hicho kina ndugu yake, nao ni mwiko wa Ijumaa. Toleo jipya halirushwi Ijumaa, kwa sababu likiharibika watu wameshatawanyika na atakayeamshwa Jumamosi ni yule maskini wa zamu. Tarehe 19 Julai 2024 vyote viwili vilikutana. Ilikuwa Ijumaa. Kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma faili jipya kwa wateja wake. Programu ilitegemea vipengele 21 vya taarifa, ikapewa 20. Ilipokwenda kusoma kile cha 21 ilisoma mahali pasipokuwa na kitu, na kompyuta ikazimika. Microsoft ilikadiria mashine milioni 8.5 ziliathirika. Ndege zilikwama, hospitali zikaahirisha huduma, na mafundi wakalazimika kuzunguka kwa miguu kutoka mashine moja hadi nyingine kufuta faili lile kwa mkono. Tofauti ya 21 na 20 ni moja.

BATA WA MPIRA NA USIKU WA ZAMU

Bata tumemwona juu ya meza. Alipata umaarufu kupitia kitabu cha Andrew Hunt na David Thomas, The Pragmatic Programmer, cha mwaka 1999. Kazi yake ni kusikiliza. Ukikwama, unamweleza bata kodi yako (si ile ya mwenye nyumba) mstari kwa mstari, kwa sauti: hapa nachukua jina, hapa nalitafuta, hapa narudisha jibu. Mara nyingi kabla hujafika mwisho unajisikia ukisema jambo ambalo kodi hailifanyi, na mdudu ameshaonekana. Uzuri wa bata ni kwamba hamwamshi mtu, hakucheki, na hajali kama unamweleza kwa Kiswahili cha Mombasa au cha Bukavu. Siku hizi ambapo programu za akili bandia zinaandika kodi kwa sekunde chache, bata amezidi kuwa na kazi. Kodi ambayo huwezi kumweleza bata, usiitie sahihi yako.

Zamu ni habari nyingine. Ofisi nyingi zinapeana simu ya zamu kwa wiki, na mfumo ukianguka saa nane za usiku ni wewe unayeamka. Uchovu wa namna hiyo ndio uliozaa utani wa nakala za akiba: "Nakala tunazo, hatujawahi tu kujaribu kuzirudisha." Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab iliuishi utani huo. Fundi mmoja, akiwa anapambana na matatizo ya hifadhidata mpaka usiku, alifuta data kwenye seva ambayo siyo. Walipokimbilia nakala za akiba wakakuta njia walizozitegemea hazikuwa zinafanya kazi sawasawa. Data ya karibu saa sita ilipotea moja kwa moja.

Walichofanya baadaye ndicho cha kukumbuka. Walieleza yote hadharani, hata kazi ya kurejesha wakairusha mubashara ili watu waone. Fundi hakutupwa kwa mbwa. Swali lao lilikuwa: kwa nini mfumo wetu uliruhusu mtu mmoja aliyechoka kufanya hivi?

Nalisema hili kwa sababu sisi tunaokaa kwa viza tuna woga wetu. Ukiharibu kitu, fikra ya kwanza ni kwamba utafukuzwa, na barua ya uhamiaji itafuata. Kwa hiyo mtu ananyamaza, anajaribu kurekebisha kimya kimya, na tatizo la dakika tano linakuwa la siku mbili. Katika ofisi inayojiheshimu, kosa lililosemwa mapema ni kazi ya kawaida. Kosa lililofichwa ndilo linaloua imani.

NG'ANG'A NA ALAMA YAKE

Mwaka 2007 Randall Munroe, mchoraji wa katuni za xkcd, alichora mama anayepigiwa simu na shule. Mwanawe amepewa jina ambalo ndani yake mna amri ya kompyuta, na shule ilipoliingiza kwenye mfumo, kumbukumbu za wanafunzi zikafutika. Karibu kila programa anaijua katuni hiyo. Lakini kwetu sisi, jina linaloangusha mfumo si katuni. Muulize Ng'ang'a yeyote.

Shida iko hivi. Katika lugha ya SQL, inayozungumza na hifadhidata, maneno yanafungwa kati ya ritifaa mbili, ile ile alama tunayoiandika kwenye ng'ombe. Programu iliyoandikwa kizembe inachukua jina la mtu na kulibandika ndani ya amri. Ng'ang'a akiandika jina lake, kompyuta inadhani jina limeishia kwenye "Ng", na kinachofuata inakisoma kama amri isiyoeleweka. Inatoa kosa, fomu inagoma. Mjanja naye akiliona pengo hilo anaandika amri ya kweli badala ya jina, na hapo ndipo data inapoibwa au kufutwa.

Tiba inajulikana: jina litumwe kando na amri, lipokelewe kama data tu. Wavivu wanachagua njia ya mkato, wanapiga marufuku ritifaa. Ndiyo maana mtu ana pasipoti inayosema Ng'ang'a na kadi ya benki inayosema Nganga, halafu anaulizwa kwa nini majina hayafanani. Na kila Mswahili anajua kwamba ng' na ng si sauti moja.

Mwaka 2010 Patrick McKenzie, Mmarekani aliyekuwa akiishi Japani, aliandika orodha ya mambo ya uongo ambayo maprograma wanayaamini kuhusu majina: kwamba kila mtu ana jina la kwanza na la ukoo, kwamba ndugu wa familia moja wana jina moja la mwisho, na kadhalika. Wenzetu wa Rwanda na Burundi, ambako ndugu wa tumbo moja wanaweza wasiwe na jina hata moja la pamoja, wangeimaliza orodha hiyo kwa dakika kumi.

Kuna mengine ambayo ofisini hayana kichekesho bado, kwa kuwa hakuna aliyeumia nayo. Mtumiaji wa nyumbani akiiambia simu "nikumbushe saa mbili asubuhi", anataka saa ambayo Mwingereza anaiita nane. Juma letu linahesabiwa kuanzia Jumamosi, ndiyo "mosi" yenyewe, kwa hiyo Jumatatu ni ya tatu. Katika kanuni ya kimataifa ya ISO 8601 Jumatatu ni ya kwanza, na ukiiuliza JavaScript siku ya Jumapili itakujibu sifuri. Nani ataliona hilo kabla programu haijamfikia mama muuza duka wa Tanga? Si yule aliyekulia Manchester. Ni wewe.

BASI TUFANYEJE?

Kwanza, kichekesho usichokielewa kiulize siku hiyo hiyo. Sema tu, "Samahani, hii inatoka wapi?" Maprograma wanapenda sana kusimulia, watakueleza mpaka chai ipoe, na utakuwa umepata somo ambalo halimo kwenye mihadhara.

Pili, ukikwama mpe bata nusu saa. Ikishindikana, muulize mtu, naye mweleze ulichokwisha kujaribu.

Tatu, ukivunja kitu sema mara moja, na uandike kama wale wa nondo walivyoandika.

Nne, unapojaribu programu yoyote, weka majina yetu: Ng'ang'a, Ng'wandu, mtu mwenye jina moja tu, mtu mwenye majina matano. Fomu ikigoma, umepata mdudu wa kweli. Mpeleke kwenye mkutano wa asubuhi na usimulie kisa cha pasipoti na kadi ya benki. Watacheka, na mwakani atakapokuja mwanafunzi mwingine watamsimulia yeye kichekesho cha Ng'ang'a, naye pengine atauliza kinatoka wapi.

Wenye visa vya maofisini kwao wavilete kwa wahariri, virefu au vifupi, tuvichape toleo lijalo. Kazi njema kwa wote mnaoanza kiangazi hiki.