Uchina ambayo barabara ya Isiolo haikutuonyesha

KWA wakazi wengi wa Isiolo, Mchina aliingia mjini pamoja na lami. Ujenzi wa sehemu ya kwanza ya barabara kuu iendayo Moyale, kilomita 136 kutoka Isiolo hadi mto Merille, ulianza mwaka 2007 kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika na serikali ya Kenya. Kandarasi ilipewa kampuni ya China Wu Yi, yenye asili yake katika mkoa wa Fujian, kusini mashariki mwa Uchina.

Manufaa ya lami hiyo hayana ubishi. Hata hivyo, barabara humwonyesha msafiri kazi tu. Haimwambii kama aliyeijenga ana watoto, aliwaacha na nani, wala anahofia nini. Kwa maswali hayo, msomaji hana budi kuyageukia majarida.

Yapo majarida ya aina mbili. Ya kwanza ni yale ambayo Uchina huyaandika kwa ajili ya wageni. Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, jarida la ChinAfrica likazaliwa mwaka 1988, na gazeti la China Daily likazindua toleo la Afrika mwaka 2012. Humo utasoma habari za urafiki, miradi na maendeleo. Si lazima yawe uongo, lakini ni sebule iliyofagiwa kwa ajili ya mgeni.

Aina ya pili ni yale ambayo Wachina huandikiana wenyewe, na hapo ndipo nyumba inapoonekana hadi jikoni. Duzhe, jarida lililoanzishwa mwaka 1981 katika mji wa Lanzhou, lilipata mamilioni ya wasomaji kwa visa vifupi vya maisha: wazazi, ndoa, na uchungu wa kuondoka nyumbani.

Uchungu huo una chanzo. Tangu mwaka 1958, mfumo wa kusajili kaya, uitwao hukou, humfunga raia na mahali alikosajiliwa. Mwanakijiji aendaye mjini kutafuta kazi huweza kukosa nafasi ya shule ya umma kwa mwanawe, hivyo wengi huwaacha watoto kwa nyanya na babu. Ripoti ya mwaka 2013 ya shirikisho la wanawake la nchi hiyo ilikadiria kwamba watoto walioachwa vijijini kwa namna hiyo walizidi milioni 60.

Wanahabari wa majarida pia wamethubutu kuuliza maswali mazito. Caijing, lililoasisiwa mwaka 1998 na Bi Hu Shuli, lilifuatilia kwa ujasiri mlipuko wa maradhi ya Sars mwaka 2003. Bi Hu aliondoka mwaka 2009 na kuanzisha Caixin. Mnamo Machi 2020, jarida la Renwu lilichapisha mahojiano na Dkt Ai Fen wa Wuhan, aliyeeleza jinsi alivyokaripiwa baada ya kutahadharisha kuhusu virusi vipya. Makala hayo yaliondolewa mtandaoni. Wasomaji waliyasambaza upya kwa lugha za kigeni, kwa vibonzo vya simu, na hata kwa alama za simu ya upepo za zamani.

Tukio hilo lafundisha mambo mawili. Kwanza, serikali ya Uchina hudhibiti uchapishaji, na hakuna jarida liwezalo kutoka bila kibali chake. Pili, taifa hilo si kauli moja. Wamo madaktari, wahariri na wasomaji wanaotaka kuambiwa ukweli, sawa na sisi.

Mkazi wa Isiolo anaijua dhuluma ya kuhukumiwa kwa picha moja. Ni mara ngapi majarida ya ng'ambo yameionyesha Kaskazini mwa Kenya kama nchi ya ukame na wizi wa mifugo tu? Haifai nasi tumpime Mchina kwa kofia ya ujenzi na tingatinga.

Leo Caixin na Sixth Tone ya Shanghai huchapisha makala kwa Kiingereza mtandaoni. Mwenye simu mjini Isiolo aweza kuyasoma. Huenda akagundua kwamba yule fundi aliyempita kando ya barabara alikuwa, kama baba wengi wa hapa, mzazi aliyeiacha familia mbali ili kuilisha.