Baiskeli ya Ndoto na Feza za Nyumba

Ni nani kati yetu asiyepata kuota ndoto akiwa macho? Jioni kazi zimekwisha, watoto wanacheza uani, mtu ameketi mlangoni pake, na mawazo yake yanaondoka polepole kwenda mbali. Mmoja anajenga nyumba ya matofali ya kuchoma. Mwingine ananunua mashini ya kushona. Sisi tunaoandika mistari hii tulikuwa na ndoto moja tu, nayo ilikuwa na magurudumu mawili: ilikuwa baiskeli, au kinga kama wasemavyo watu wa Katanga.

Twataka kuwasimulia habari yake. Si kwa kuwachekesha tu, ingawa mama wa watoto wetu hucheka kila aikumbukapo. Twaisimulia kwa sababu ndoto ile ilikaribia kuleta hasara nyumbani mwetu, na kwa sababu twajua kwamba katika jamaa nyingi za kikristu imo ndoto ya namna hiyo, imejificha kama panya darini.

Jinsi ndoto ilivyoanza

Shule tunayofundisha iko mbali na nyumba yetu: kilometa 9 kwenda, na 9 kurudi. Wakati wa mvua ni matope, wakati wa kiangazi ni vumbi. Mwenye kwenda kwa miguu hupita kilometa 5 hivi kwa saa moja. Mwenye baiskeli, kwenye njia nzuri, hupita 15 bila kuchoka zaidi. Basi, mwalimu kutaka baiskeli si anasa. Kila asubuhi tulipishana na wauza makala waendao Lubumbashi, wakisukuma baiskeli zilizobeba magunia marefu kuliko wao wenyewe. Tuliwatazama watu hao kwa heshima. Chombo kile cha chuma ndicho kilicholisha watoto wao.

Siku moja mwalimu mwenzetu alituonyesha picha katika simu yake. Ilikuwa baiskeli ya Ulaya, nyeusi yote, yenye breki za sahani, taa inayowaka kwa umeme, na mota ndogo iliyofichwa penye pedali. Betri ilikuwa ndani ya chuma chenyewe, usiweze kuitambua. Mwendeshaji akipanda mlima, anasukuma kidogo tu, na mota inamsaidia. Chini ya picha ile iliandikwa bei: dola 5,400.

Mchana ule tulicheka. Usiku hatukucheka tena. Tulijiona tumeketi juu yake, tunapita kijijini asubuhi na mapema, wanafunzi wanakimbia nyuma yetu, wazee wanainua kofia, na Padri wa parokia anasimama barazani kututazama. Tuliwaza hata rangi ya kitambaa cha kuifunikia. Kesho yake, watoto walipokuwa wakifanya hesabu zao darasani, sisi nasi tulikuwa tukifanya yetu pembeni mwa daftari la matayarisho. Kwa mshahara wetu wote, ilihitaji miezi 30 bila kula, bila kuvaa, bila kununua hata sabuni. Tukiweka akiba ya dola 15 kila mwezi, ilihitaji miaka 30. Tungeipanda tukiwa wazee wa miaka zaidi ya 60, ambao hushikwa mkono kwenda Misa!

Mwenye akili angaliishia hapo. Lakini ndoto haikusoma hesabu.

Ndoto inapogeuka kishawishi

Kuwaza kitu kizuri si dhambi. Mwenyezi Mungu aliyetupa macho ya kuona uzuri hawezi kutukasirikia kwa kuwa tumeuona. Lakini zamani seminarini tulifundishwa kwamba wazo ni kama mgeni apitaye njiani. Kumwona si kosa. Ni juu yetu kumpa kiti au kutompa. Sisi tulimpa kiti, tukampa chakula, mwishowe tukamtandikia kitanda.

Tulipoona kwamba baiskeli ile kubwa haipatikani, tukaanza kumtafuta ndugu yake mdogo. Tulimkuta mjini, katika duka moja, ananing'inia juu kwa kamba. Hakuwa na mota, lakini alikuwa mwepesi, mwenye vitesi 21 na rangi ya kung'aa. Bei yake dola 600. Mwenye duka alitusoma usoni mara moja. Akasema: «Mwalimu, leta nusu leo, nusu nyingine utalipa polepole.» Alitaja pia faida yake ya kila mwezi, lakini masikio yetu yalikuwa yamekwisha kuziba.

Sasa, nyumbani mwetu kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo dola 310. Feza hizo hazikuwa zetu peke yetu. Zaidi ya nusu yake mama wa watoto wetu alizipata kwa kuuza unga wa mahindi, na kwa zamu yake katika likelemba ya wanawake wa soko. Nazo zilikuwa na kazi yake. Binti yetu wa kwanza alikuwa karibu kuingia mwaka wa mwisho wa sekondari. Kila mzazi wa Kongo anajua: masomo ya shule za msingi za serikali yalitangazwa kuwa ya bure tangu mwaka 2019, lakini sekondari wazazi hulipa, na mwaka wa mtihani wa serikali huleta gharama zake.

Nusu ya 600 ni 300. Ndoto ikatunong'oneza: «Waona? Hata dola 10 zitabaki!»

Usiku ule tuliondoka kitandani polepole, tukalishusha kopo, tukaanza kuhesabu. Ndipo tuliposikia sauti nyuma yetu:

— Baba watoto, unahesabu nini usiku huu?

Tulitaka kusema uwongo. Neno lilikuwa limekwisha kufika ulimini. Lakini dhamiri ilitushika, tukasema kweli yote: simu ya mwenzetu, duka, nusu ya bei, kila kitu. Tukamwonyesha na picha tuliyokuwa tumeichora. Aliipeleka karibu na taa, akaitazama kwa muda mrefu. Hakukasirika. Akasema:

— Ni nzuri kweli, baba. Lakini pahali pa mzigo ni wapi?

Tulitazama nasi. Hapakuwa na pahali pa mzigo. Nyuma ya kiti hapakuwa na kitu chochote cha kufungia gunia, wala cha kukalia mtoto mgonjwa, wala mama aendaye kujifungua.

— Basi ni baiskeli ya mtu mmoja, akasema. Akazima taa, akalala.

Sisi tulikaa gizani na kopo mikononi mpaka jogoo wa kwanza.

Nani hulipa?

Juma lile lile ilitupasa kufundisha darasa letu habari ya uvumbuzi wa baiskeli. Mwaka 1817, Karl Drais wa Ujerumani alitengeneza chombo cha magurudumu mawili kisicho na pedali. Mtu alisukuma kwa miguu yake ardhini. Mwaka 1885, Mwingereza John Kemp Starley alitoa baiskeli yenye mnyororo na magurudumu yaliyo sawa, ambayo ndiyo mama wa baiskeli zetu za leo. Kisha akaja John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama katika mji wa Belfast. Mtoto wake alikuwa na baiskeli ndogo ya magurudumu matatu, yenye kurusharusha vibaya njiani. Baba akamtengenezea mipira ya kujazwa hewa, na mwaka 1888 akapata hati ya uvumbuzi huo.

Watoto walifurahi sana kwa habari ya baba yule. Lakini mmoja aliinua mkono akauliza: «Mwalimu, mpira ulitoka wapi?»

Swali hilo tulilijua jibu lake. Ulaya na Marekani zilipoanza kupenda baiskeli, na baadaye motokari, mpira ulitakiwa kwa wingi, na mwingi ulitolewa katika misitu ya Kongo. Nchi yetu wakati ule, toka 1885 hata 1908, ilikuwa chini ya mfalme Léopold II, kwa serikali ile ambayo wazee waliiita Bula Matari. Watu walilazimishwa kuingia msituni kutafuta utomvu wa mpira. Vijijini pengine wanawake walikamatwa na kufungwa mpaka waume zao walete kipimo kilichoagizwa. Palikuwa na waliochapwa, waliouawa, na waliokatwa mikono. Habari hizo ziliandikwa na kuchapishwa, kama katika taarifa ya Roger Casement ya mwaka 1904, na dunia ilizisikia.

Darasa lote lilinyamaza. Mwenye kupanda baiskeli katika njia laini za Ulaya hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu kwenda upesi na kustarehe kidogo. Lakini bei aliyolipa dukani haikuwa bei yote. Sehemu nyingine ililipwa na mama mmoja kijijini, asiyeiona baiskeli ile hata siku moja.

Na baiskeli yetu ya ndoto, ile ya dola 5,400? Betri nyingi za namna yake zina kobalti ndani yake, na zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia huchimbwa katika Kongo yetu, sana upande wa Kolwezi na Likasi. Twawajua vijana wanaoshuka katika mashimo yale kwa kamba, na twajua kwamba watoto pia wameonekana wakiokota na kuosha mawe hayo badala ya kusoma. Hatusemi kwamba kila mwenye betri ana hatia. Simu tuliyotazamia picha ina betri nayo. Twasema tu kwamba bei iliyoandikwa chini ya kitu si bei yote, na kwamba mkristu yampasa kuuliza: nani mwingine analipa?

Hapo tuliyaelewa maneno ya mama wa watoto wetu. Kama tungalipeleka zile dola 300 dukani, mwenye kulipa hangalikuwa sisi. Angalikuwa binti yetu, kwa mwaka wake wa shule. Angalikuwa mama yake, kwa kuketi sokoni jua lote. Na faida ya mwenye duka wangaliilipa wadogo, kwa chakula chao cha jioni, mwezi kwa mwezi. Mpanda baiskeli mmoja, walipaji sita.

Mashauri matatu kwa jamaa zetu

La kwanza: bwana na bibi wasifichane mawazo. Wazee wa Jamaa, ile iliyoanzishwa na Padri Placide Tempels upande wa Kolwezi katika miaka ya 1950, walisisitiza sana umoja huo wa mawazo kati ya mume na mke. Ndoto iliyosemwa mchana mbele ya mwenzako hupungua urefu wake, ikafaa kuchekwa. Ndoto iliyofichwa huamka usiku na kushusha kopo. Nanyi akina mama, shauri hili lawahusu vile vile: nasi tumesikia habari za vitenge vya bei vilivyofichwa chini ya kitanda.

La pili: mbele ya kila kitu kizuri, tuulize pahali pa mzigo ni wapi. Maana yake, kitu hiki kitambeba nani pamoja nami? Baiskeli yenye kubeba gunia la unga, mtoto mwenye homa na vitabu vya mwalimu ni baraka, hata ikiwa rangi yake imekwisha. Kitu kisichobeba ila majivuno ya mmoja ni kizito kuliko kinavyoonekana.

La tatu: tusiguse feza zenye jina. Feza za shule zina jina la mtoto. Feza za dawa zina jina la mgonjwa. Kitu tunachotamani kingojee feza zake chenyewe. Bwana wetu alisema habari za mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Hakusema ahesabu kopo la watoto wake.

Na sasa?

Wasomaji watauliza mambo yalikwishaje. Binti yetu aliingia mwaka wake wa mwisho, akaandika mtihani wake pamoja na wenzake. Baiskeli hatujainunua bado. Lakini siku chache baada ya usiku ule tulikuta kopo la pili darini, karibu na lile la kwanza. Mama wa watoto wetu alikuwa ameandika juu yake kwa makala neno moja: KINGA. Franka za kwanza alitia yeye mwenyewe, naye ameweka sharti moja tu, nyuma pawe na chuma cha nguvu.

Kilometa 9 twazipita bado kwa miguu, asubuhi na alasiri, na ndoto hutusindikiza mara kwa mara, nyeusi yote, na taa yake inawaka. Hatuifukuzi. Tukifika nyumbani twaisimulia mezani, watoto wanaongeza kengele na bendera, na mama yao anauliza kama imekwisha kupata pahali pa mzigo. Twajibu: bado. Kisha twasali pamoja, na kila mtu anakwenda kulala, na makopo yote mawili yanakaa mahali pake.