Addis Ababa ilijenga reli nyepesi. Foleni je?

Tarehe 20 Septemba 2015 treni za umeme zilianza kubeba abiria jijini Addis Ababa. Hiyo ndiyo reli nyepesi ya kwanza ya kisasa katika Afrika kusini mwa Sahara: njia mbili zenye jumla ya takriban kilomita 34, vituo 39 na treni 41. Wajenzi kutoka China waliikamilisha kwa muda usiofika miaka minne na kwa dola za Marekani milioni 475, fedha ambazo kwa sehemu kubwa zilikopwa kutoka Benki ya Exim ya China. Nauli ilipangwa kuwa birr 2, 4 au 6 kulingana na umbali, ili hata mwenye kipato kidogo aweze kupanda.

Tangu hapo, kila foleni inapokaza Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, kuna anayeuliza: mbona Waethiopia wameweza? Walioko ughaibuni huuliza kwa sauti zaidi, kwa kuwa wengi wanaishi katika miji yenye treni za namna hiyo, kama Dallas, Minneapolis na Manchester. Swali ni la haki. Ila jibu lake haliishii kwenye picha za siku ya uzinduzi.

Reli nyepesi ni treni fupi ya umeme inayobeba abiria ndani ya mji kwenye njia yake yenyewe, mara nyingi katikati ya barabara na pengine juu ya daraja. Ni nafuu kuliko metro, ambayo aghalabu hudai mahandaki marefu. Na pale ilipotengewa njia isiyoingiliwa na magari, inapita wakati wengine wamekwama. Addis Ababa njia moja inatoka Ayat, mashariki, hadi Tor Hailoch, magharibi. Nyingine inatoka Uwanja wa Menelik II, kaskazini, hadi Kality, kusini. Katikati ya mji njia hizo mbili zinatumia reli moja.

Nguvu ya treni iko kwenye hesabu. Treni moja ya Addis inabeba watu karibu 300. Ikipita kila baada ya dakika 6, ni treni 10 kwa saa, yaani watu 3,000 kwa kila upande. Njia moja ya barabara ya mjini iliyojaa magari binafsi hupitisha watu kati ya 600 na 1,600 kwa saa, kwa sababu magari mengi yana mtu mmoja au wawili tu. Lakini hesabu hiyo yote inategemea zile dakika 6. Treni ikianza kupita kila baada ya dakika 20, idadi inashuka hadi watu 900 kwa saa, na mji unabaki na deni kubwa kwa kazi ambayo mabasi machache yangeimudu.

Hapo ndipo Addis ilipoumia. Katika miaka yake mizuri reli ilibeba zaidi ya watu 100,000 kwa siku. Kisha treni moja baada ya nyingine zikalala karakana kwa kukosa vipuri. Vipuri hununuliwa kwa fedha za kigeni, nazo zilikuwa adimu Ethiopia. Mapato ya nauli yalikuja kwa birr iliyokuwa ikishuka thamani, na nauli yenyewe ilikuwa ndogo mno kulipia matengenezo. Ilipofika miaka ya 2020, sehemu kubwa ya zile treni 41 haikuwa barabarani. Abiria walisubiri muda mrefu, wakasongamana kwenye chache zilizobaki, na waliochoka wakarudi kwenye minibasi.

Ramani nayo ilichangia. Mahali ambapo reli inapita usawa wa barabara, uzio wake uliikata mitaa vipande viwili. Mtu anayetaka kufika duka la ng'ambo ya pili alilazimika kutembea mbali kutafuta kivuko, na dereva akazunguka kutafuta pa kugeuzia gari. Sehemu kama hizo, reli iliyoletwa kupunguza msongamano iliuhamishia kwenye makutano ya jirani.

Je, ingekuwaje kama treni zote zingefanya kazi? Mwaka 2011 wachumi Gilles Duranton na Matthew Turner walichapisha utafiti kuhusu miji ya Marekani. Waligundua kuwa barabara kuu zikiongezwa, safari za magari huongezeka karibu kwa kiwango kilekile. Waligundua pia kuwa usafiri wa umma ukiongezwa, jumla ya safari za magari haipungui kwa namna inayoonekana. Sababu yake si ngumu: dereva mmoja akipanda treni, nafasi aliyoiacha barabarani inamwita mwingine aliyekuwa akiahirisha safari. Dallas ni mfano mzuri. Ina mtandao wa reli nyepesi wenye takriban kilomita 150, mmoja wa mirefu zaidi Marekani, na bado barabara zake hujaa asubuhi na jioni. Mji umetawanyika, maegesho ni rahisi kupatikana, na nyumba nyingi ziko mbali na vituo.

Hata hivyo, kusema treni haina faida ni kukosea vilevile. Mwaka 2003 wafanyakazi wa usafiri wa umma Los Angeles waligoma kwa siku 35. Mchumi Michael Anderson alipochunguza takwimu za barabara kuu za huko, alikuta kuwa ucheleweshaji uliongezeka kwa asilimia 47. Abiria wa treni na mabasi ni wachache katika mji ule, lakini wengi wao husafiri kwenye njia zilezile na saa zilezile zenye msongamano mkubwa. Wakirudi kwenye magari, kila mtu anaumia.

Kwa maneno mengine, reli humpa abiria njia ya kuikwepa foleni na huizuia isizidi kuharibika. Kinachoipunguza foleni yenyewe ni kumtoza dereva kwa nafasi anayoitumia. Stockholm ilifanya jaribio mwaka 2006: ikaongeza usafiri wa umma, ikaanza kutoza magari yanayoingia katikati ya mji, na magari yaliyovuka mpaka wa eneo hilo yakapungua kwa takriban asilimia 20. Mwaka uliofuata tozo hiyo ikawa ya kudumu.

Dar es Salaam inayajua mambo haya kwa uzoefu wake. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi milioni 5.38. Mwaka 2012 treni za abiria zilianza kutumia reli za zamani za mashirika ya TRL na TAZARA, na wananchi wakaziita treni za Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza kwenye njia za takriban kilomita 21, kutoka Kimara hadi Kivukoni, Gerezani na Morocco. Safari ya Kimara ikafupika sana. Baadaye mabasi hayakuwatosha abiria, na karakana ya Jangwani ikafurika maji mara kwa mara. Njia ilikuwepo, kilichopungua ni mabasi mazima ya kupita juu yake. Ni ugonjwa uleule wa Addis Ababa, ingawa hapa ni magurudumu ya mpira. Na mabasi yakitunzwa yanaweza mengi: TransMilenio ya Bogotá, iliyoanza mwaka 2000, hubeba zaidi ya watu 40,000 kwa saa kwa upande mmoja kwenye njia yake yenye abiria wengi zaidi.

Basi mji wako utakapotangaza reli nyepesi, msomaji, uliza mambo matatu kabla ya kushangilia. Vipuri vya mwaka wa nane vitalipiwa kwa fedha zipi? Treni zitapita kila baada ya dakika ngapi saa 12 jioni? Mama mwenye mtoto mgongoni atafikaje kituoni kwa miguu, na atavukia wapi? Uliza ukiwa Mbagala au ukiwa Minneapolis, kwa mbunge, kwa diwani, kwenye mikutano ya balozi zetu. Majibu yaandikwe ndani ya mkataba, na bajeti ya matengenezo itengwe kabla reli ya kwanza haijalazwa.