Urasimi Mpya: Kutoka Sanamu za Marumaru hadi Mawe ya Tabaka

Utangulizi

Mwalimu anapolitaja neno "urasimi" mbele ya darasa la kidato cha tatu, Kisii au Nyamira, wanafunzi wengi huandika daftarini: "Urasimi ni mambo ya kale." Maelezo hayo si ya uongo, ila ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli humponza mtahiniwa. Makala haya yananuia kuufafanua urasimi mpya kwa vitu vinavyoonekana kwa macho na kushikwa kwa mkono, yaani sanamu na viti, kisha kuonyesha jinsi maarifa hayo yanavyomfaa anayehakiki ushairi wa Kiswahili.

Maana na chimbuko

Urasimi ni mkondo unaoichukulia sanaa ya Wayunani na Warumi wa kale kuwa kipimo cha ubora. Urasimi mpya ni hatua ya watu wa zama za baadaye kukirudia kipimo hicho kwa makusudi. Katika fasihi ya Ufaransa na Uingereza mkondo huu ulitamba katika karne ya 17 na ya 18. Katika sanamu na samani ulishika kasi kuanzia katikati ya karne ya 18.

Kulikuwa na sababu. Miji ya Herculaneum na Pompeii, iliyofukiwa na volkano mwaka wa 79, ilianza kufukuliwa mwaka wa 1738 na 1748. Watu wa Ulaya wakaona kuta, vyombo na samani za Warumi zikitoka ardhini. Mwaka wa 1764 Mjerumani Johann Winckelmann alichapisha historia ya sanaa ya kale, akausifu utulivu na wepesi wa sanamu za Kiyunani. Aidha, wengi walikuwa wamechoshwa na mtindo wa rokoko uliojaa mikunjo na mapambo.

Sifa zake

Sifa kuu za urasimi mpya ni hizi:

(a) Ulinganifu: upande wa kushoto huwiana na wa kulia.
(b) Kiasi: pambo halizidi umbo linalopambwa.
(c) Utulivu: hata penye mapenzi au kifo, hisia hudhibitiwa.
(d) Urejelezi: visa, mavazi na mapambo hutolewa kwa Wayunani na Warumi.

Sifa hizi zinaonekana katika sanamu za marumaru za Antonio Canova wa Italia (1757–1822) na Bertel Thorvaldsen wa Denmark (1770–1844). Katika samani, mguu wa kiti uliokuwa umepinda ulinyooshwa, ukachongwa mwembamba kuelekea chini na kutiwa mifuo kama nguzo ya hekalu. Nchini Uingereza jina la Robert Adam linahusishwa sana na mtindo huu.

Mwanafunzi hahitaji kusafiri hadi Ulaya ili kuuona. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 1931, ina safu ya nguzo mbele na simba wawili wa kuchongwa penye ngazi. Ni urasimi mpya ulioletwa na wakoloni, na yafaa mwalimu aulize: kwa nini mtawala alitaka jengo lake lifanane na hekalu la kale?

Kale si sawa na urasimi

Hapa ndipo watahiniwa wengi huteleza. Ukale ni suala la umri. Urasimi ni suala la mtindo. Chukua kigoda cha Kigusii kilichochongwa kutoka gogo moja na kupambwa kwa shanga. Kikiwa na umri wa miaka mia moja, ni kitu cha kale, lakini si cha urasimi mpya, kwa kuwa hakimrejelei Myunani wala Mrumi. Sasa chukua kiti kilichokamilika juma lililopita katika karakana ya fundi wa jua kali mjini Keroka, chenye miguu iliyonyooka, iliyokerezwa na kutiwa mifuo. Hiki kina alama za urasimi mpya, ilhali rangi yake haijakauka.

Je, vinyago vya Tabaka? Mawe ya sabuni huchimbwa huko, huchongwa kwa shoka, patasi na kisu, kisha husuguliwa kwa msasa na maji hadi yateleze. Mengine hutiwa rangi na kuchorwa nakshi kwa ncha kali. Familia iliyokumbatiana ya Tabaka ina ulinganifu, kiasi na utulivu. Hata hivyo, kuiita ya urasimi mpya kwa sababu hiyo tu ni kumnyang'anya mchongaji kazi yake na kumpa Myunani. Elkana Ong'esa, mchongaji wa Tabaka ambaye sanamu yake ya ndege wa amani iko UNESCO jijini Paris, amechota taswira zake katika utamaduni wa Abagusii. Mhakiki asihesabu sifa za nje pekee, aulize pia, "Msanii huyu anamrejelea nani?"

Kuna funzo jingine katika rangi. Winckelmann na wafuasi wake waliupenda weupe wa marumaru. Leo inajulikana kwamba sanamu nyingi za Kiyunani zilipakwa rangi, nayo ikafifia kwa karne nyingi. Kwa hiyo urasimi mpya haukuinakili kale kama ilivyokuwa. Uliinakili kale kama ilivyodhaniwa.

Uhusiano na ushairi wa Kiswahili

Funzo hilo linatufikisha kwenye Karatasi ya Tatu. Mwaka wa 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu kilichoeleza sheria za kutunga mashairi. Vina, mizani na beti zilizotoshelezana zikawa kwa wengi kipimo cha shairi halisi. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka wa 1974, mashairi yake huru yalizua ubishi mkali. Upande mmoja ulidai kuwa unalinda mapokeo. Lakini mapokeo yenyewe yalikuwa mapana: tungo za kale hazikuwa zote za mishororo minne yenye vina vya kati na vya mwisho. Sheria zilichagua sehemu ya kale na kuifanya kale yote, kama weupe ule wa marumaru.

Hivi si kusema kwamba arudhi haina thamani. Kanuni humpa msanii mfupa wa kushikilia nyama. Mshairi anayetumia inkisari ili mizani itimie, au tabdila ili vina viwiane, anafanya kama mchongaji anayefuata mshipa wa jiwe: anatii na anachagua.

Hitimisho

Mwalimu mwenzangu, peleka kinyago na kigoda darasani kabla ya kuandika ufafanuzi ubaoni. Nawe mtahiniwa, usiandike "ni ya kirasimi kwa sababu ni ya zamani." Taja sifa, toa mfano, kisha ueleze msanii anairejelea kale ipi na kwa nini.

Maswali

1. Tofautisha kitu cha kale na kitu cha urasimi mpya. (alama 4)
2. "Kila anayelinda mapokeo huyachagua." Jadili kwa kurejelea ushairi wa arudhi na mashairi huru. (alama 10)