Sungura aliyepasuliwa: Hatari kubwa imo tumboni, si katika mshono

MFUGAJI wa Isiolo aliyezoea mbuzi na ngamia huenda akadhani kwamba mnyama akishapasuliwa, akashonwa na kuzinduka, kazi iliyosalia ni kulinda kidonda tu. Kwa sungura, dhana hiyo ni ya hatari. Sungura anaweza kuwa na mshono safi usio na dosari, na bado akafa siku mbili baadaye kwa sababu tumbo lake liliacha kufanya kazi.

Suala hili linawahusu wale wanaofuga sungura nyumbani kama kipenzi cha watoto, wala si kwa ajili ya nyama. Sungura jike hubeba mimba kwa muda wa siku 31 hivi, na anaweza kushika mimba nyingine siku ile ile anayozaa. Jozi moja iliyoachwa pamoja katika ua wa nyumba ya Kulamawe au Bulapesa huweza kuwa kundi zima kabla ya mwaka kwisha.

Ndiyo maana baadhi ya wafugaji huamua jike wao aondolewe ovari na mfuko wa uzazi. Upasuaji huo una faida nyingine: humkinga dhidi ya saratani ya mfuko wa uzazi, ugonjwa unaowapata majike wengi ambao hawajapasuliwa wanapopita umri wa miaka mitatu au minne.

Kazi hiyo si ya kila mwenye kisu na dawa. Sheria ya mwaka wa 2011 kuhusu madaktari na wasaidizi wa madaktari wa mifugo inataka anayetoa huduma hizo awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo nchini. Tangu 2013, huduma za mifugo zimekuwa chini ya serikali za kaunti, na katika kaunti ya wafugaji kama Isiolo, kazi nyingi ni za ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo. Kwa hivyo mwenye sungura amuulize daktari waziwazi iwapo amewahi kumpasua mnyama huyo. Asipopata daktari mwenye ujuzi huo karibu, pengine atalazimika kusafiri hadi Meru, Nanyuki au hata Nairobi.

Sungura si mbuzi

Kosa la kwanza hutokea hata kabla ya upasuaji. Mbuzi hunyimwa chakula kwa saa kadhaa ili asicheue na kupaliwa akiwa katika usingizi wa dawa. Sungura hacheui, na hawezi kutapika. Kumlaza na njaa usiku kucha hakumsaidii, bali humdhuru. Apewe nyasi kama kawaida, na chakula kiondolewe muda mfupi tu kabla ya upasuaji, kulingana na maagizo ya daktari.

Sababu ni jinsi tumbo lake lilivyoumbwa. Sungura huishi kwa nyasi zenye nyuzinyuzi nyingi, na nyuzinyuzi hizo ndizo zinazousukuma utumbo ufanye kazi mchana na usiku. Maumivu, hofu na dawa za usingizi humfanya aache kula. Asipokula, utumbo hupungua mwendo; chakula kilichomo hukauka na gesi hujaa. Gesi huleta maumivu mapya, na maumivu hayo humfanya azidi kukataa chakula. Wakati huo huo mwili huanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe, na ini hulemewa. Mbuzi aliyekosa hamu ya kula kwa siku moja huenda akapona bila tatizo. Sungura hana nafasi hiyo.

Kwa hivyo jambo la kuangaliwa kwanza nyumbani ni mdomo na choo. Mwekee nyasi kavu za kutosha mbele yake saa zote. Robota moja ya nyasi safi, isiyo na ukungu wala vumbi, humtosha kwa muda mrefu. Mwongezee majani aliyoyazoea, kama vile dania, majani ya karoti au ya viazi vitamu, kwani harufu yake humvutia ale. Huu si wakati wa kumpa chakula kigeni, mkate, ugali au matunda mengi. Maji yawe katika bakuli zito lisilopinduka, kwa maana bakuli humrahisishia kunywa kuliko chupa ya kuning'inia.

Hesabu vinyesi vyake. Siku ya kwanza huwa vichache na vidogo, kisha hurudi polepole kwa ukubwa na idadi yake ya kawaida. Ikiwa muda wa saa 12 umepita tangu azinduke bila kula chochote, au saa 24 zimepita bila choo, mpigie daktari usiku huo huo, usingoje asubuhi. Daktari anaweza kuagiza alishwe uji mwembamba wa chakula cha sungura kilichosagwa, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kidogo kidogo kupitia pembeni mwa mdomo. Usianze kumlisha hivyo kabla ya kumuuliza, hasa ikiwa tumbo limevimba na kuwa gumu.

Ifahamike pia kwamba sungura hutoa aina mbili za kinyesi. Kile laini hukila moja kwa moja kutoka mwilini, kwa kuwa kina virutubisho anavyovihitaji. Mfugaji asishtuke akimwona akifanya hivyo. Kwa sababu hiyo pia, kumfunga kola pana shingoni ili asilambe mshono kufanywe tu daktari anapoona ni lazima.

Maumivu yaliyofichwa

Sungura ni mnyama anayewindwa, na huficha maumivu yake. Halii kama mbuzi. Hujikunja pembeni, macho yakiwa yamefumba nusu, akisaga meno kwa sauti, na hugeuka akipewa hata jani alipendalo. Usiondoke kwa daktari kabla ya kujua ni dawa gani ya kutuliza maumivu amepewa, utaendelea kumpa kiasi gani nyumbani, na kwa siku ngapi. Dawa inayotumiwa sana ni meloksikamu, lakini kipimo chake hutegemea uzani na hupangwa na daktari.

Usimpe tembe za maumivu za binadamu. Vivyo hivyo, usikimbilie duka la dawa za mifugo kununua antibiotiki ya mbuzi. Amoksilini, ampisilini na penisilini zikipitia mdomoni huua bakteria wema wa utumbo wa sungura, na huweza kumuua yeye mwenyewe.

Baridi kwanza, joto baadaye

Mji wa Isiolo uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mchana joto hufika nyuzi 30 na zaidi mara nyingi. Hapa pana jambo linaloweza kumchanganya mfugaji. Katika saa za kwanza sungura huhitaji kupashwa joto, kwani dawa ya usingizi hushusha joto la mwili. Mfunike kidogo, umwekee ubavuni chupa ya maji vuguvugu iliyozungushiwa kitambaa, na uache nafasi ya yeye kusogea mbali nayo akipenda.

Akishazinduka kabisa na kuanza kutembea, hatari hugeuka. Sungura hatoi jasho la kumpoza. Hupoza mwili hasa kupitia masikio, na huanza kuteseka joto linapokaribia nyuzi 28. Banda la mabati juani halimfai. Mweke ndani ya nyumba, kwenye kivuli na hewa inayopita, juu ya sakafu yenye kitambaa safi. Mchana wa joto kali, mwekee kando chupa ya maji yaliyoganda iliyofungwa kwa kitambaa.

Anayerudi kutoka Nanyuki huvuka nyanda baridi za Timau, zilizo zaidi ya mita 2,000, kisha huteremka hadi kwenye joto la Isiolo katika safari moja. Asafiri alfajiri au jioni, sungura akiwa katika kikapu au sanduku lenye matundu na nyasi ndani, magotini mwa abiria, wala si kwenye buti au juu ya paa la matatu. Ikiwezekana, asiondoke kabla ya sungura kuanza kula.

Mshono, inzi na utulivu

Kagua mshono asubuhi na jioni kwa siku 10. Uvimbe mdogo si ajabu. Damu inayoendelea kutoka, usaha, harufu mbaya au kidonda kilichoachana ni sababu ya kurudi kwa daktari. Usipake spiriti, majivu wala dawa ya miti shamba, kwa kuwa atailamba yote.

Inzi ni adui mkubwa mahali penye mifugo mingi. Wakitaga mayai kwenye manyoya yenye unyevu au kinyesi, funza huanza kumla sungura akiwa hai katika muda usiozidi siku mbili. Badilisha matandiko kila siku, hakikisha sehemu zake za nyuma ni kavu, na utumie chandarua ikibidi.

Asiruke wala kupanda ngazi kwa siku 10 hadi 14. Watoto wafundishwe kukaa naye sakafuni badala ya kumbeba. Akilazimika kuinuliwa, mkono mmoja ushike kifua na mwingine ushikilie makalio, kwani sungura anayepiga mateke hewani anaweza kuvunja uti wa mgongo wake. Atengwe na dume, ambaye humpanda na kuweza kufungua mshono. Hata dume aliyehasiwa anaweza kutungisha mimba jike mwingine kwa wiki kadhaa baada ya kuhasiwa.

Mlegevu asiyeitika, mwenye masikio baridi, anayepumua kwa kinywa wazi au mwenye tumbo gumu kama ngoma, huyo ni wa kupelekwa kwa daktari mara moja. Lakini iwapo usiku wa kwanza anatafuna nyasi, na asubuhi kuna vinyesi vya duara kwenye matandiko, mfugaji anaweza kutulia kiasi. Aendelee kumpa dawa ya maumivu kwa siku zote alizoagizwa, hata akimwona amechangamka, na aendelee kuhesabu choo hadi mshono utakapopona.