Kusakinisha Programu ya Kuwapima Wasomaji wa Picha za Tiba: Maneno na Maana Zake

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi programu ya takwimu iitwayo RJafroc inavyosakinishwa, na jinsi maneno ya Kiswahili yanavyoisaidia au kuipotosha kazi hiyo. Programu hii hupima jambo moja: mtu asomaye picha za wagonjwa, asemapo kwamba ugonjwa upo, huaminika kwa kadiri gani?

Jambo lenyewe si geni kandokando ya Ziwa Viktoria. Mkazi wa Kamanga, avukaye Ghuba ya Mwanza kwa kivuko kwenda mjini kutafuta matibabu, yamkini amekulia katika maji yenye konokono wa kichocho. Kichocho cha matumbo kikidumu miaka mingi huweza kulitia ini makovu, na makovu hayo hutazamwa kwa ultrasaundi. Mwaka 1996 wataalamu waliokutana Niamey, nchini Niger, walizipanga sura za ini hilo kwa herufi, kuanzia A, ambalo ni ini la kawaida, hadi F. Baadhi ya sura zilipewa majina ya mfano: B ni mbingu yenye nyota, na F ni ukucha wa ndege. Yatosha kuyasikia majina hayo kujua ya kuwa macho ya watu wawili hayataona sawasawa daima. Mmoja aona nyota, mwenzake aona ini la kawaida. Na mgonjwa ni yule yule.

Hesabu ya kuwapima wasomaji wa namna hii ilizaliwa katika rada wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambapo mtazamaji alitakiwa kuamua kama alama aionayo ni ndege ya adui au ni kelele tupu za mtambo. Lee Lusted, daktari wa Marekani, aliingiza fikira hizo katika usomaji wa eksirei kuanzia mwaka 1960. Ndiyo maana jina la Kiingereza la mstari uliopinda unaochorwa katika hesabu hii lina neno lenye maana ya kipokezi. Anayelitafsiri neno kwa neno huwaachia madaktari wa Mwanza kipokezi wasichokiona popote. Afadhali liitwe “mstari wa utambuzi”, kwa kuwa ndicho unachoonyesha.

Eneo lililo chini ya mstari huo lina maana nyepesi. Achukuliwe kwa bahati nasibu mtu mmoja mgonjwa na mmoja mzima: eneo ni uwezekano wa msomaji kumpa mgonjwa alama ya juu kuliko mzima. Likiwa 1, hakosei kamwe, likiwa 0.5, ni sawa na kurusha shilingi. Kwa hiyo herufi za Niamey peke yake hazitoshi. Msomaji hana budi kutoa alama, tuseme kati ya 1 na 5, ya jinsi anavyosadiki kwamba makovu yapo. Wasomaji wakiwa wengi hesabu hupata uzito mwingine, maana wasomaji hutofautiana na wagonjwa pia hutofautiana. Njia ya kuyapima yote mawili pamoja ilitolewa na Dorfman, Berbaum na Metz mwaka 1992, nayo imo katika programu hii.

Sasa usakinishaji. RJafroc, kazi ya Dev Chakraborty na wenzake, haisimami peke yake. Ni kifurushi kikaacho ndani ya R, lugha ya takwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, nayo hutolewa bure. Basi R hutangulia. Kisha, ndani yake, huandikwa install.packages("RJafroc"). Kifurushi kisipopatikana katika hazina ya R, huchukuliwa matini yake ya asili na kujengwa papo hapo. Na hapo mwenye Windows huhitaji kwanza zana ziitwazo Rtools. Mahali penye mtandao hafifu, vifurushi hupakuliwa mjini na kuchukuliwa katika flashi, lakini pamoja na vyote ambavyo RJafroc inavitegemea, na vya toleo lile lile la R. Kikikosekana kimoja tu, kazi yote hukwama.

Hapa neno “sakinisha” lina faida kuliko “simika”, ambalo baadhi ya waandishi hulipendelea. Nguzo ikisimikwa imekwisha kuanza kazi, na chifu akisimikwa anatawala. Lakini asili ya “sakini” ni Kiarabu, nayo ni kukaa mahali, kama katika “maskani”. Kifurushi kilichosakinishwa kinakaa tu. Hakitendi lolote mpaka kiitwe kwa library(RJafroc), na mwito huo hurudiwa kila R inapofunguliwa. Wanafunzi wengi hudhani programu imeharibika, kumbe haijaitwa.

Maneno mengine si ya kuchezewa. Takwimu huwekwa katika faili la Excel lenye karatasi tatu, TRUTH, TP na FP. Majina haya hayatafsiriwi: anayeandika KWELI badala ya TRUTH, kwa mapenzi mema ya lugha, hukataliwa na programu. Katika maelezo, hata hivyo, Kiswahili hakikwepeki, na hapo “chanya ya uongo” ni tafsiri mbaya. Uongo una nia. Daktari aliyeona kovu lisilokuwapo amekosea, hakudanganya. “Chanya isiyo kweli” yatosha. (Kuhusu “unyeti” wa msomaji, darasa lolote la vijana litaonyesha kwa kicheko kwa nini neno hilo lina taabu.)

Karatasi iliyo ngumu kuliko zote ni ile ya TRUTH, ambamo huandikwa nani hasa ni mgonjwa. Ukweli huo hauna budi kutoka nje ya macho ya wasomaji wanaopimwa. Kwa ini, kipimo kilicho wazi ni kukata kipande na kukitazama kwa hadubini, jambo lenye hatari, lisiloweza kutendwa kwa kila aliyevuka kutoka Kamanga. Mtafiti akijaza karatasi hiyo kwa kufuata walivyosema wasomaji wengi, programu haitalalamika. Itatoa namba nzuri zenye desimali nyingi. Lakini kilichopimwa ni mapatano, na katika ripoti kiitwe mapatano, kisiitwe usahihi.