Mungu wa kizazi wa Roma na nyimbo za mapasa

Mapasa bakizaliwa mu Lubumbashi, jina iko tayari. Kwa Baluba ba Katanga njo Kyungu na Kabange. Kwa bale ba Kasai, Mbuyi na Kabanga. Kisha bamama bazee banaanza kuimba, na nyimbo zao zinataja mwili wa mwanaume na wa mwanamuke bila kuficha. Siku ingine, maneno yale ingeleta bigomvi. Siku ya mapasa, ni baraka.

Bengine banasema ni matusi tu. Lakini hata Bagreki na Baroma ba zamani balijua kicheko ya namna ile. Balikuwa na mungu Priapus, mutoto wa Aphrodite na Dionysus, mwenye kuabudiwa sana ku Lampsacus, muji ambao leo iko mu Turkia. Baroma balimuchonga mu muti, na uume mukubwa kupita kipimo, balimusimamisha mu bustani ili matunda izidi, wezi na ndege bakimbie.

Ku Pompeii, muji volkano ya Vesuvius ilifunika mu mwaka 79, picha yake ingali ku mulango wa nyumba ya ba Vettii. Anapima uume wake ku mizani. Ku upande wa pili kuko mufuko wa feza. Mugeni alicheka, na kicheko ilifukuza jicho baya.

Lakini kwa Priapus, nguvu yote iko kwa mwanaume. Kwetu ni tofauti. Mwanachuoni Victor Turner aliishi na Bandembu ba Zambia, bandugu ba Balunda, kati ya 1950 na 1954. Aliandika juu ya Wubwang'u, sherehe yao ya mapasa: banaume banajisifu na kuchekelea banamuke, nao banamuke banarudisha vilevile. Hakuna kukasirika. Kizazi ni ya pande mbili.

Ile fundisho tumeisahau. Mutoto akikawia, kidole cha kwanza kinaenda kwa bibi. Bashemeki banamusema, bwana anatafuta deuxième bureau. Lakini OMS ilitangaza mu 2023 kama mutu 1 kati ya 6 mu dunia anapata shida ya kuzala mu maisha yake, na shida inaweza kutoka kwa bwana, kwa bibi, ao kwa bote babili.

Bwana mwenye kujisifu siku ya mapasa, aende pia ku labo pamoja na bibi yake siku mutoto anakawia.